Siku Tuliyomsaidia Cucu Wangui

Siku moja hainitoki, mwanangu, ingawa mengi mengine ya ujana wangu yamefutika na wala siyalilii. Ilikuwa Jumamosi, mvua ndefu zimeanza juzi tu. Asubuhi mlima ulijionyesha na theluji yake kisha ukajifunika upesi, na sisi wanafunzi wa kidato cha tatu tulikuwa tunapanda kilima nje kidogo ya Nyeri mjini, majembe begani, tukiimba. Tulikuwa tunaenda kumsaidia mjane mmoja. Tulimsaidia kwa moyo wote kutwa nzima, na baada ya hapo hakuinuka tena.

Nakueleza haya kwa sababu ya mambo ya wiki jana. Mlikuja langoni kwangu kundi zima, tisheti za manjano, mapanga na ndoo za rangi, na wewe ukiwa mbele ukasema, "Shosho, wewe kaa tu kwa kiti, sisi tutafanya kila kitu." Nikawafukuza kama kuku walioingia kwenye mahindi. Najua mlikwenda mkisema kale kazee kana roho mbaya. Labda ninayo. Lakini baadaye moyo uliniuma, ndiyo maana nimekuita leo peke yako uketi hapa jikoni karibu na moto. Nasikia wewe ndiye waliyemchagua kuwaongoza, na kwamba mwezi ujao mnakwenda Timau na mradi mwingine. Kunywa chai yako. Hadithi yenyewe haina utamu, kwa hivyo nimeongeza sukari huko.

Kiongozi wetu aliitwa Muthoni. Tulikaa dawati moja, mimi na yeye. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti iliyosikika bila kupazwa, na alikuwa na kitu ambacho sijakiona kwa viongozi wengi tangu hapo: akisema tufanye kazi, yeye ndiye wa kwanza kuchafuka. Kabla yake, chama chetu cha kujitolea kilikuwa kinafagia soko mara moja kwa muhula, tunapigwa picha, tunarudi shuleni kula maharagwe. Muthoni alitaka tufanye jambo ambalo mtu angelikumbuka maishani mwake. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alitaka sana kuwa mtu wa maana kwa wengine. Mimi nilimpenda kwa hilo na nilimfuata kila alikokwenda.

Habari za Cucu Wangui, nyanya wa kilima kile, alizisikia kanisani. Alikuwa mama mzee aliyefiwa na mume, na mtoto wake wa pekee alikuwa amefariki akiwa mdogo. Alikaa peke yake katika nyumba ya mbao iliyoanza kuinama, na shamba lake jembamba liliteremka mpaka kijitoni. Huko chini alikuwa anapanda nduma, ile mizizi ya kuchemsha ipendayo maji. Kila Jumamosi alizibeba kwa kiondo, mshipi wa kiondo kwenye paji la uso, akaziuza sokoni mjini. Nduma zile na ng'ombe wake mmoja ndivyo vilivyomweka hai. Muthoni akaamua twende Jumamosi, mwenyewe akiwa sokoni, ili akirudi jioni ashtuke kwa furaha. Sisi wote tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro katika mpango huo, mwanangu, na kundi lilikuwa la watoto waliopita mitihani vizuri kabisa.

Usidhani Muthoni alivamia tu boma la watu. Alikwenda wiki moja kabla akaomba ruhusa kwa shemeji yake Cucu, mzee aliyeitwa Ndirangu, ambaye shamba lake lilipakana na la mjane. Ndirangu alimkaribisha kwa heshima zote. Akamwambia kwamba vijana kama sisi tumekuwa adimu, na Mungu atatubariki.

Siku ile tulifyeka, tukapaka kuta chokaa, tukaziba bati lililokuwa linavuja. Ndirangu alikuja saa nne hivi na mtoto aliyembebea birika la uji kutoka kwake. Alikuwa amevaa koti refu jeusi na kofia, na mikono yake ilikuwa imezama mifukoni. Alitembea nasi akituonyesha pa kufyeka kwa kidevu chake. Halafu akasimama kule chini, mahali penye mstari mrefu wa maua yenye majani mapana, yale ya kuota kutoka kwenye kitunguu.

"Sasa hizi maua," akasema, "ziko huku chini bure, hakuna mtu anaziona. Ati si mngezing'oa mkampandia huyu mama pale mbele ya nyumba? Akitoka sokoni apate kitu ya kuangalia."

"Ai, asante sana, baba," Muthoni akasema. "Sisi hatungefikiria hiyo."

"Ng'oeni zote basi. Msiache hata moja, itakaa vibaya."

Tukang'oa. Nakumbuka vitunguu vyake vilikuwa vikubwa, vimeshikana, vimezeeka ardhini, na mvulana mmoja alivunja mpini wa jembe. Tukavipanda mbele ya nyumba kwa umbo la nusu duara, tukaweka mawe pembeni tukayapaka chokaa nayo. Muthoni hakupenda kazi ya nusunusu. Alirudi kule chini akatuamuru tufukie kila shimo na kukanyaga udongo mpaka ulale sawa, ng'ombe wa Cucu asije akavunjika mguu. Tulipomaliza, usingejua kama pale paliwahi kuwa na kitu. Ndirangu alitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Kutwa nzima sikumwona akitoa mikono mifukoni.

Huenda unaniuliza kimoyomoyo: katika watoto wote wale, hakuna aliyejua? Acha nikueleze. Maua yale Wagikuyu tunayaita itoka, na yakiwa mengi ni matoka. Zamani baba akiwagawia wanawe shamba, aliita wazee, akapanda matoka kwenye mstari mbele yao, na hapo ndipo mpaka. Hulimalizi itoka kwa moto wala kwa ng'ombe, kitunguu chake hubaki chini na kuchipuka tena. Na aliyeling'oa kwa mkono wake aliogopwa, maana wazee walikuwa wamemwekea laana hata kabla hajazaliwa. Lakini sisi tulikuwa watoto wa mipaka ya waya na mawe ya mpimaji ardhi. Mimi mwenyewe nilizaliwa mtaa wa Majengo, katika chumba cha kupanga, na mpaka niliojua ni ukuta wa mbao kati yetu na jirani aliyekoroma. Muthoni alikulia nyumba za serikali, ambako maua ni maua.

Cucu Wangui alirudi jioni. Tulijipanga mbele ya nyumba, na alipotokea kwenye kona tukaimba na kupiga makofi. Alitua kiondo chini. Hakutazama kuta. Alitazama yale maua mbele ya mlango wake, kisha akatupita katikati yetu, akashuka mpaka kule chini. Akatembea polepole akitazama ardhi, akaenda, akarudi. Sisi bado tulikuwa tunaimba, ingawa sauti zilikuwa zinapungua moja moja.

"Nani amewaambia mtoe matoka?" akauliza aliporudi.

"Ni baba Ndirangu, Cucu," Muthoni akasema, bado ana tabasamu. "Tumekuletea karibu ndio uwe unaona."

Cucu Wangui aliketi chini. Hakutafuta kiti wala jiwe, aliketi palepale matopeni na nguo yake ya sokoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Watoto yangu, si mngeniuliza. Si mngeniuliza tu."

Kisha akainuka akatupikia chai. Ndiyo, mwanangu. Tulikuwa wageni wake, na wageni hawaondoki na midomo mikavu. Alituchemshia maziwa yaliyokuwapo yote, na sisi tukanywa tukitazama chini kwa sababu sasa tulijua tumefanya jambo baya na hatukujua ni lipi. Nimekunywa chai nyingi maishani mwangu. Ile ndiyo pekee ambayo ninajuta kuimeza.

Muthoni alirudi kesho yake baada ya kanisa, nami nikamfuata, na Cucu akatueleza. Hati ya shamba lile ilikuwa bado kwa jina la babamkwe wake, marehemu. Mzee aliwagawia wanawe wawili kwa matoka tu, na wazee walioshuhudia walikuwa wamekufa wote. Ndirangu alikuwa ameutaka upande ule wa kijito tangu mumewe Cucu alipozikwa. Alikuwa amemsemesha, amemtisha, amewaleta watu wa kanisa. Kitu kimoja tu hakuthubutu kukifanya, nacho ni kung'oa matoka kwa mkono wake, kwa maana alikuwa mtu wa zamani na aliiogopa laana. Akangoja apate mikono mingine. Muthoni aliposikia hayo aliinuka, akaniambia kesho lazima twende kwa mwalimu.

Jumatatu tulikwenda kwa mwalimu mlezi wa chama. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi, akasema, "Mambo ya mashamba ya watu sisi hatuingilii. Mnasikia? Jina la shule." Muthoni akamjibu kwamba tumeshaingilia. Mwalimu akamwambia arudi darasani. Kabla ya wiki kuisha Ndirangu alikuwa amelima hadi karibu na jiko la mjane, na kupanda nyasi za ng'ombe mahali pote palipokuwa pa nduma.

Cucu akapeleka kesi kwa chifu, na wazee wa kijiji wakaitwa. Muthoni akatoroka shuleni kwenda kutoa ushahidi, nami nikatoroka naye. Alisimama mbele ya wanaume wale akiwa na sare ya shule, akaeleza kila kitu bila kujificha: nani alisema, nani aling'oa, nani alifukia mashimo. Ndirangu akauliza swali moja.

"Wewe msichana, uliniona nimeshika jembe?"

"La."

"Haya. Na ulijua hiyo ni mpaka?"

"Sikujua. Ningejua singegusa."

"Sasa kama hukujua ni mpaka, ulikuwa unaiangalia ya nini? Utakumbuka aje penye ilikuwa?"

Watu wengine walicheka. Muthoni akasema anaweza kwenda kuonyesha. Tukaenda wote. Alisimama katikati ya udongo uliolimwa, akageuka huku, akageuka kule, na nilimwona macho yakimjaa machozi kwa sababu hakujua. Pale palikuwa pamelala sawa, alivyotaka yeye mwenyewe. Akaonyesha mahali, kisha akabadilisha. Mimi nikaonyesha pengine kabisa.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti alimsogelea. Hakumkaripia. Alimwambia polepole, "Mtoto wangu, hawa wengine walikuwa wanakufuata, na wewe ulikuwa unafuata nani? Umesikia kanisani, umeuliza jirani, umekimbilia mwalimu. Mwenye shamba ndiye hukuuliza." Baada ya maneno hayo mazuri wakaamua shamba likae lilivyo mpaka mpimaji aje. Mpimaji hangeweza kuja kabla hati haijahamishwa kutoka jina la marehemu, na hilo halikufanyika. Nadhani wazee wote waliijua haki ilikuwa upande gani. Waliijua, wakaenda nyumbani kula.

Siku hiyo, mwanangu, kitu fulani kilikufa ndani yangu na sijakiona tena. Nilikuwa nimelelewa nikiamini kwamba ukikosea, ukasema ukweli, mambo hurekebishika. Hayakurekebishika hata kidogo. Ukweli wetu ulisikilizwa vizuri kabisa na haukumrudishia yule mama hata shina moja la nduma.

Ndirangu alizungushia kijito waya. Bila maji ya karibu Cucu akauza ng'ombe, na bila nduma hakuwa na cha kupeleka sokoni. Nyumba tuliyoipaka chokaa ikabaki inang'aa, na maua yakachanua mbele yake msimu huo, mekundu, mengi, yakipendeza kwa kila mpita njia. Cucu alisema hawezi kufungua mlango asubuhi akayatazama. Kabla ya Krismasi alihamia mjini, Majengo, katika chumba ambacho mama yangu alimtafutia nyuma ya kwetu, karibu na msikiti. Akawa anachambua maharagwe ya wenye vibanda ili apate kula.

Muhula uliofuata chama chetu kilipewa kikombe kwa mradi bora wa kusaidia jamii. Walileta hata picha kubwa ya nyumba ile nyeupe. Waliita jina la kiongozi wetu, wakaita tena, lakini Muthoni hakuwapo. Alikuwa Majengo.

Alikuwa amejiuzulu uongozi, na Jumamosi zake zote alizipeleka kwa Cucu Wangui. Nilimwona kwa macho yangu jinsi alivyobadilika, na kama unataka kujua kukua kwa mtu kunafananaje, ni hivi. Mwanzoni alikuja na mipango: atampakia rangi chumba, atamletea godoro, atamwandikia mkubwa fulani. Cucu alikuwa anamtazama tu. Baadaye akawa anasimama mlangoni na kuuliza, "Cucu, leo unataka nifanye nini?" Siku nyingine Cucu alisema, "Nichotee maji." Siku nyingine alisema, "Nisukie nywele." Na siku nyingine alisema, "Hakuna. Kaa tu." Muthoni akakaa, mikono mapajani, hadi jioni. Hakuna aliyempiga picha wala kumpa cheti. Sikumsikia Cucu hata siku moja akisema amemsamehe, na Muthoni hakumwomba.

Cucu Wangui alifariki mwezi wa saba uliofuata, ule wa baridi, ukungu umelala mjini siku nzima, na kifua ndicho kilichomwondoa. Alikuwa ameomba azikwe kwake, karibu na mumewe na mtoto wake. Ndirangu akatuma ujumbe kwamba nafasi hakuna. Tukamzika kwenye makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maana ya mtu wetu aliyekuwa na shamba kuzikwa makaburi ya mji: ni kana kwamba hakuwa na kwao. Mchungaji alimwita Muthoni aseme neno kwa niaba ya vijana. Alisimama akasema, "Alitaka kulala kwake," akarudi kukaa.

Na Ndirangu? Wanaosema laana humfuata mtu, waje niwapeleke. Aliishi mpaka akazeeka sana, meno yakaisha, wajukuu wakamjaa nyumbani. Kaburi lake liko kando ya kile kijito, limejengewa kwa vigae, pale palipokuwa na nduma.

Muthoni sasa yuko mjini Kenol, anauza mbegu na dawa za mifugo. Wamemwomba aongoze kina mama wa kanisa, wamemwomba agombee udiwani, amekataa yote. Nilipomtembelea mwaka jana nilimgombeza. Akaniambia, "Siwezi, mama. Nikisimama tu mbele ya watu, naona yule mama amekaa kwa matope." Nikalia njiani kote kurudi Nyeri. Nililia kwa sababu yule ndiye mtu mmoja niliyemjua aliyejifunza kuongoza ni nini, na alipojifunza tu akaacha. Waliobaki wakituongoza ni wale wenye mikono mifukoni. Wamejaa kila mahali, mwanangu, wamevaa suti, na kutwa kucha wanatafuta vijana wenye mioyo safi wawang'olee. Mimi sioni kama watakwisha. Sikukuita hapa kukupa tumaini ambalo sina.

Nina nasaha tu, uichukue kama ilivyo. Ukifika Timau, au popote, usiguse kitu cha mtu kabla hujamsikia mwenyewe kwa kinywa chake. Kama amekwenda sokoni, mngoje. Kama hataki, ondoka, na usimwite mwenye roho mbaya. Yule anayekimbia kukuonyesha pa kuchimba, mwangalie kwanza mikono yake iko wapi. Usifanye kazi ili mtu ashtuke. Wazee wameshtuliwa vya kutosha. Na siku ukigundua umeharibu, usikimbilie mradi mwingine ili usahau, rudi kwa yule uliyemharibia, usimame mlangoni, uulize anataka nini, hata kama jibu ni kukaa tu. Lakini baada ya hapo, nakuomba sana, usiache kuongoza kama alivyoacha mwenzangu. Endelea, ukiwa na uchungu huo huo kifuani. Tukikosa watu wa namna hiyo, sijui tutamwachia nani wale wajane.

Haya, sogea. Wazee wetu walibariki kwa kutemea mate kidogo kifuani, kwa hivyo usione kinyaa. Mungu akupe masikio kabla ya nguvu. Akupe wenzako wa kukuuliza unakowapeleka. Akuepushe na sifa za mapema. Na siku utakapoharibu, kwa maana utaharibu, akupe miguu ya kurudi.